Tulingoja Ramani Safi

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na keki, kisha mkaniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Saa inatembea vizuri sebuleni kwangu hapa Kimbo. Keki iliisha kabla sijafika steji ya matatu. Maandishi yenyewe ndiyo haya. Mambo ya vyeo na mishahara nimeyaacha nje, kwa sababu hayo mnayajadili vya kutosha pale kantini bila msaada wangu.

Sijui kama ninyi mmefaulu kuwaeleza watu wa nyumbani tunafanya nini. Mimi sikufaulu. Miaka hiyo yote majirani wangu waliamini niko kwa ofisi ya hali ya hewa. Msimu wa kupanda ukikaribia, Mama Njeri wa ploti ya pili alikuwa ananiita juu ya ua, "Daktari, tupande ama tungoje?" Nilimweleza kila mara kwamba anga ninayoangalia mimi iko mbali sana kupita mawingu. Alisikiliza kwa heshima, na mwaka uliofuata akauliza tena. Kanisani walidhani natafuta mwanzo wa dunia ili nibishane na Mungu. Hao angalau hawakuuliza kuhusu mvua, waliniombea tu.

Nilianza kama mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana huko Thika. Nilikuwa tayari na mume, Karanja, fundi wa mitambo kiwandani, na watoto wawili wadogo, wakati chuo kiliponikubali kusomea shahada ya pili. Siku ya kwanza nilienda na suti niliyoivaa harusini kwa dada yangu. Mlinzi alinielekeza mpaka kwa mlango ulioandikwa "Stoo ya Kemia". Kemikali zilikuwa zimehamishwa zamani, lakini harufu yake haikuwa imepata habari. Ndani alikaa mwanamume mrefu, mwembamba, na sweta ya kijivu iliyotoboka kiwiko. Huyo ndiye Daktari Makokha. Alikuwa mtu wa Bungoma, aliyesomea ng'ambo akafanya kazi huko, halafu akarudi wakati wenzake wengi walikuwa wanaondoka.

Hakuniuliza habari za safari. Alinipa karatasi mbili zilizochapishwa ramani, akasema, "Niambie unaona nini."

Niliangalia ya kwanza, nikaangalia ya pili. "Naona madoadoa, Daktari."

"Vizuri," akasema. "Wengi wanaokuja hapa wanaona vitu ambavyo haviko. Keti."

Kisha akanieleza, na kwa sababu sijawahi kusikia maelezo bora, nitayaandika jinsi alivyoyasema. Ramani ya kwanza ilikuwa ya mwanga wa zamani kuliko mwingine wote. Mwanga huo uliachiliwa wakati ulimwengu ulikuwa mchanga na wa moto, hakuna nyota hata moja. Umesafiri muda mrefu hadi umepoa, na sasa unatufikia kutoka kila upande kama mawimbi ya mikrowevu, aina ileile inayopasha chakula. Ramani ya pili ilikuwa ya galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, zilivyotawanyika angani.

"Mwanga ukipita karibu na kitu kizito, unapinda kidogo," akasema. "Huu wa zamani umepita katikati ya kila kitu ndipo ukafika kwetu. Umevutwavutwa njiani. Ni kama unamwangalia mtu kupitia kile kioo cha dirisha la bafu. Ukipima vile amepindika, utajua kioo kimetengenezwa namna gani."

"Na kama kioo tumekijua, galaksi ni za nini?"

Nadhani alikuwa akilingoja swali hilo. "Kupinda kunatuambia uzito wote kwa jumla, kutoka hapa hadi mwisho. Hakutuambii uzito uko umbali gani. Galaksi tunajua ziko umbali gani, lakini galaksi peke yake zinadanganya. Stima ikipotea Githurai, mtu akiangalia kutoka mbali atasema huko hakuishi mtu. Sehemu kubwa ya uzito wa ulimwengu haitoi mwanga wowote. Sasa, ukiweka ramani hizi mbili pamoja, unauliza: palipo na galaksi nyingi, mwanga wa zamani umepinda kiasi gani? Hapo ndipo utajua vitu vimejikusanya kiasi gani, na vilijikusanya lini."

Nilirudi Thika jioni hiyo nikamwambia Karanja kwamba nimepata kazi ya kuangalia kioo cha bafu. Akasema bora nisikivunje cha kwetu.

Daktari alikuwa na sababu ya kuogopa vitu ambavyo haviko. Akiwa kijana huko ng'ambo, yeye na wenzake walitangaza jambo kubwa walilodhani wameliona angani. Magazeti yakaandika. Miezi baadaye ikaonekana ni kasoro ya chombo, wakalazimika kuliondoa. "Mama yangu Bungoma alisikia nimegundua," aliniambia siku moja, akimenya ndizi. "Hakuna aliyemwambia nimefuta. Alikufa akijisifu sokoni kwa kitu ambacho hakikuwepo." Hakulirudia jambo hilo tena, lakini kila nilichojifunza kwake kilitoka hapo.

Alichonifundisha kwanza ni jaribio la sifuri. Mnalijua, ila nyote mnalifanya kwa haraka. Ukishalinganisha ramani mbili ukapata ishara, chukua ramani ya galaksi uizungushe ili isilingane tena na anga halisi, kisha ulinganishe upya. Sasa ni lazima upate sifuri. Usipopata, basi ile ishara ya kwanza ni uongo wa programu yako. Daktari alilipenda jaribio hili kuliko matokeo yenyewe. Tukipata sifuri nzuri, alikuwa anatununulia chai sisi wote. Tukipata ishara nzuri, alienda kutafuta kasoro.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuonewa huruma. Kompyuta kubwa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya msaada, na tuliiita Shosho, yaani bibi mzee, kwa sababu ilianza siku polepole, ikikoroma. Stima ilipopotea, betri ya akiba ililia kama mtoto aliyeachwa, na ulikuwa na muda wa kuhifadhi kazi tu, si wa kufikiri. Ramani zilikuwa kubwa mno kwa intaneti yetu ya wakati huo. Mara nyingine zilikuja kwenye diski ndani ya begi la mtu aliyetoka mkutanoni ng'ambo, zimefungwa kwa soksi. Panya walikula waya mara mbili. Fundi alishauri tufuge paka, Daktari akaandika ombi rasmi la paka, na ofisi ikajibu kwamba hakuna bajeti ya wanyama. Mimi nilileta paka kutoka nyumbani. Sikumwandikia mtu.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Kimbo, nimemaliza shahada ya tatu chini ya Daktari, na ninafundisha. Ndipo akaja Achieng.

Wazazi wake walikuwa wametoka Siaya, baba akapata kazi kiwandani Thika, na yeye akakulia Githurai 45. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye sauti ya kusikika korido nzima. Akicheka, watu wa maktaba walikuja kulalamika. Alikuja kwetu kama mwanafunzi wa shahada ya tatu, na kwa desturi ya pale aliniita Madam hata tulipokuwa tunakula chapo kwa sahani moja.

Tulimpa orodha ya galaksi aisafishe. Ni kazi ya uchovu ambayo kila mgeni alipewa. Baada ya wiki chache akaja mezani kwangu.

"Madam, hii orodha iko na shida. Mahali nyota zetu ni nyingi, galaksi zinapungua."

"Labda ni kweli ni chache hapo."

"Aii, Madam. Galaksi za mbali hivyo zitajuaje nyota zetu ziko wapi?" Akacheka, maktaba wakasikia. "Ni darubini inashindwa kuziona. Nyota zinaifunika."

Alisema kweli kabisa. Akaandika njia ya kurekebisha upungufu huo, fupi na safi, na mpaka leo ninyi mnaitumia bila kujua ni ya nani. Tafadhali mjue. Ni ya Achieng.

Daktari alimpenda, ingawa hakujua jinsi ya kuonyesha. Alianza kumwachia ndizi mezani.

Siku tuliyopata nambari ilikuwa ya mvua kubwa, mabati yakilia hata ikabidi tuongee kwa kupaza sauti. Shosho alimaliza hesabu mchana. Nambari tuliyokuwa tunaitafuta ilisema vitu vimejikusanya kiasi gani ukilinganisha na vile nadharia inatabiri. Ikiwa nadharia iko sawa, ungepata moja. Sisi tulipata chini ya moja, na si kwa kidogo. Maana yake ni kwamba ulimwengu ulikuwa laini kuliko ulivyopaswa kuwa, kana kwamba kitu fulani kilizuia uzito kukusanyika. Tulifanya jaribio la sifuri, tukapata sifuri. Tukalirudia, sifuri tena.

"Daktari," Achieng akasema, "hiki ni kitu."

Daktari Makokha alisimama nyuma yetu mikono mfukoni. "Ni kitu," akasema, "ama ni vumbi."

Hakutununulia chai.

Tulihangaika na nambari hiyo kwa miezi. Tulibadilisha maski, yaani zile sehemu za anga tunazozifunika zisihesabiwe kwa sababu galaksi yetu wenyewe inaziba. Tuligawanya anga nusu kwa nusu. Nambari ilikaa palepale. Kisha mgeni mmoja aliyepita chuoni akatuambia, akidhani anatufurahisha, kwamba kikundi kingine ng'ambo kinafanya kazi kama yetu na kiko karibu kumaliza.

Tulikutana sisi watatu mle stooni. Achieng alikuwa amesimama. Ufadhili wake ulikuwa unafika mwisho, na chuo kimoja huko nje kilikuwa kimemwambia wazi kwamba nafasi ya utafiti ni yake akiwa na makala iliyochapishwa yenye jina lake mbele. Sote watatu tulilijua hilo.

"Daktari, tunangoja nini?" akauliza.

"Ramani safi. Kuna galaksi za mbali zenye vumbi lenye joto. Linatoa mwanga wake, na mwanga huo unaweza kuingia kwa ramani yetu ya kupinda ukajifanya ni kupinda. Wenye setilaiti iliyopima mwanga wa zamani wamesema watatoa ramani mpya iliyoondolewa vumbi hilo."

"Wataitoa lini?"

"Wakimaliza."

"Na kama ni vumbi, nambari yetu itabadilika kiasi gani?"

"Sijui. Ndiyo maana nangoja."

"Basi tuandike hivyo. Tuseme, hii ndiyo tumeona, na vumbi hatujalipima. Si ni ukweli?"

"Ni ukweli," Daktari akasema. "Lakini watu wanasoma kichwa cha makala, Achieng. Hakuna mtu atasoma habari ya vumbi."

Wakanigeukia. Achieng ndiye aliyeuliza. "Madam, wewe unasemaje?"

Nilisema tungoje.

Nilimweleza kwa nini. Nilimwambia wale wa ng'ambo wakikosea, wataandika makala nyingine mwaka ujao na maisha yataendelea. Sisi, kikundi cha watu watatu kwenye stoo huku Kenya, tukikosea, watasema walijua tangu mwanzo. Hatutapata nafasi ya pili. Niliamini hivyo. Achieng akasema, "Sawa, Madam," kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

Wale wengine walichapisha kabla ya ramani safi kutoka. Nambari yao ilikuwa yetu, karibu sawasawa. Na kwenye makala yao kulikuwa na aya moja iliyosema kwamba vumbi la galaksi za mbali halijapimwa. Watu hawakuisoma, Daktari alisema kweli. Walisoma kichwa cha makala na wakaalika waandishi wake kila mahali.

Kisha ramani safi ikatoka. Tukaitia kwenye programu, tukangoja. Nambari haikusogea. Hakukuwa na vumbi la maana. Tulikuwa tumekaa tukitazama mlango ambao hakuna mtu aliyekuwa anakuja kuupitia. Makala yetu ilichapishwa baadaye, na mhariri akatusifu kwa kuthibitisha matokeo ya wenzetu. Nafasi ya Achieng ilikuwa imepewa mtu mwingine.

Alipata kazi Nairobi, kampuni ya bima, kuhesabu uwezekano wa watu kugonga magari yao. Siku ya kuondoka alikuja kuchukua kikombe chake. Daktari alikuwa amejifungia darasani akidai anafundisha, ingawa ratiba yake nilikuwa naijua na haikuwa na kipindi. Nilimsindikiza Achieng hadi getini.

"Utarudi?" nikamwuliza.

"Madam, ukitoka kwa hii kazi mwaka moja, ni kama umetoka kumi," akasema. Akanikumbatia. Hakuwa na hasira, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa nayo.

Nimeufikiria uamuzi ule zaidi kuliko jambo lolote la kazi. Kwa yale tuliyoyajua siku hiyo, ningesema vilevile leo, na ninyi nimewafundisha mseme vilevile. Sioni kosa ndani yake. Lakini kosa lina mahali pa kushikia. Unaliungama, unaomba msamaha, linaisha. Hili halina pa kushikia, na limekaa nami.

Daktari Makokha hakuwa yule wa zamani baada ya hapo. Alifundisha vizuri, alikagua makala zetu, lakini hakuanzisha kitu kipya. Aliandika kwa kila mtu aliyemjua ng'ambo kumwombea Achieng nafasi, na kila mtu akamjibu kwa upole. Alipostaafu aliendelea kukaa Ruiru, akisema Bungoma hakuna mtu wa kuongea naye kuhusu sifuri. Kisha figo zikamshinda, akalazwa Thika.

Nilienda kumwona mchana wa saa za wageni, na ndizi, kwa mazoea, ingawa alikuwa amekatazwa. Alikuwa amepungua sana. Tuliongea kuhusu paka. Halafu akasema, "Yule msichana. Nilimfungia njia nikitafuta vumbi ambalo halikuwepo."

"Daktari, ulifanya ilivyofaa."

"Najua nilifanya ilivyofaa, Wairimu. Sikuuliza hilo." Akageuza kichwa upande wa dirisha. "Bado yuko bima?"

"Bado."

"Ni nani atakuwa anahesabu galaksi zake?"

Nilimshika mkono mpaka nesi akaja kutuambia muda umeisha. Tulimzika Bungoma. Mwongozaji wa mazishi alimsifu kwa machozi kama mtaalamu mkubwa wa hali ya hewa, na mimi niliyekaa mbele pamoja na familia nikaona hakuna haja ya kurekebisha. Achieng hakuwepo. Habari zilimfikia siku ya mazishi yenyewe, akiwa safarini kikazi.

Mwaka wangu wa mwisho mnaukumbuka, kwa sababu mlikuwepo. Zilikuja ramani mpya za mwanga wa zamani, kutoka kwa darubini iliyo juu jangwani huko Chile, kali kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Na ikaja orodha mpya ya galaksi, zilizopimwa umbali wao moja moja kwa uangalifu. Mlitaka kuzitumia kwa mambo mapya. Mimi niliwaomba tuanze na lile la zamani, na mkaniridhia mkidhani ni hamu ya mtu anayeaga.

Nambari ilipanda. Mliona wenyewe. Ilipanda hadi karibu kabisa na moja, pale nadharia ilipokuwa ikisema tangu mwanzo. Mlishangilia kidogo, mkasikitika kidogo, kwa sababu ulimwengu usio na kasoro hauleti ufadhili. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye varanda.

Niliporudi tulitafuta sababu, tukaipata. Zile galaksi za orodha ya zamani hazikuwa mahali tulipodhani. Nyingi zilikuwa mbali zaidi, na ukikosea umbali, kiasi cha kupinda unachotarajia nacho kinakosea. Umbali wake tulikuwa tumepewa tayari na walioitengeneza orodha. Si Achieng aliyeupima, wala si sisi. Kikundi kingine kilitumia orodha ileile, kwa hiyo kilipata uongo uleule, tukathibitishana. Daktari alihisi kuna kasoro na ilikuwepo kweli, ila yeye aliitafuta kwenye ramani ya mwanga wakati imekaa kwenye ramani ya galaksi. Jaribio la sifuri halingeweza kuiona. Ramani safi haingeweza kuiona. Tungengoja miaka hata mingapi, tungengoja kitu kisichofaa.

Ijumaa mliniaga. Jumatatu nilimpigia Achieng.

Tulikutana Ruiru mjini, hoteli ndogo karibu na stesheni ya treni, mahali wanapouza chai ya maziwa na mandazi makubwa. Anaishi Ruiru siku hizi, ana mtoto wa shule ya msingi, na nywele zimeanza mvi mbele. Kicheko ni kilekile; mhudumu aligeuka.

"Sasa, Madam! Umestaafu? Nani amekuruhusu?"

"Umri."

Nikatoa kompyuta yangu ndogo, nikamwonyesha grafu. Sikueleza. Alivaa miwani, akainama, na mara moja akawa yule msichana wa orodha. "Maski gani hii? ... Na nyota mmerekebisha?"

"Kwa njia yako."

Akainua macho, akayarudisha. Alifuata pointi kwa kidole, moja baada ya nyingine, hadi mwisho. Nikamweleza habari ya umbali.

"Kwa hivyo haikuwa kitu," akasema.

"Haikuwa kitu."

"Na tungechapisha, tungekuwa tumekosea."

"Ndio. Pamoja na wale wengine."

"Na wale wengine wako wapi saa hii?"

Nilimwambia ukweli. Mmoja ni profesa. Mwingine anaongoza kikundi kikubwa, na ndicho kilichosaidia kupata orodha hii mpya. Wamekubali kosa lao vizuri kabisa, wameandika makala ya kulieleza, na makala hiyo inasomwa sana.

Achieng alivua miwani. "Heri ningekosea nao," akasema.

Nilikuwa nimekuja na maneno. Nilikuwa nimeyapanga nikiwa njiani kutoka Kimbo: kwamba sayansi yetu ilikuwa safi, kwamba jina lake halina doa. Badala yake nilifunga kompyuta. Kwa miaka nilidhani wenzetu wa ng'ambo ndio wenye ruhusa ya kukosea na sisi hatuna, na nilimlinda dhidi ya kosa. Hakuhitaji kulindwa. Alihitaji kuwa na kazi siku ambayo kosa lingegunduliwa, ili awe mmoja wa wanaolirekebisha.

Alikoroga chai ambayo tayari ilikuwa imekorogwa. "Daktari alijua hii?"

"Alikufa kabla."

"Alikuwa anajilaumu?"

"Mpaka mwisho. Alisema alikufungia njia akitafuta vumbi ambalo halikuwepo."

"Na kumbe kulikuwa na kasoro."

"Kulikuwa."

Akafunika macho kwa kiganja. "Hiyo ndiyo inaniuma," akasema. "Yangu nilishazoea, Madam. Lakini mzee wa watu angeambiwa tu, angelala."

Treni ya jioni ilikuja ikamwaga watu, hoteli ikajaa. Alitazama saa, akasema mtoto anatoka shule. Alipokuwa akifunga begi lake aliuliza, bila kunitazama, "Huko ofisini, kijana akiwa na kitu sasa, na wakubwa wanataka angoje, ni nani anamsemea?"

Mtu ambaye angepaswa kufanya kazi hiyo miaka yote alikuwa amekaa mbele yake, na alikuwa amestaafu Ijumaa.

Achieng hakulazimisha jibu. Alinishika bega, akapita katikati ya meza, akaingia barabarani. Swali nimewaletea ninyi.